DUNIA NA VIUMBE WAKE: Konokono wa baharini anayeiba kijani cha mwani

Karibuni tena kwenye ukurasa wetu wa kila mwezi, ambapo tunamchukua kiumbe mmoja na kumwangalia pamoja, wakubwa kwa wadogo. Ukisoma peke yako ni vizuri, lakini kama una mtoto pembeni msomee kwa sauti. Na bibi ambaye hakubahatika kwenda shule naye msomee, maana masikio anayo, tena pengine anasikia vizuri kuliko sisi.

Mwezi huu tunakwenda mbali kidogo. Tunakwenda baharini, tena chini ya maji, kumtafuta mnyama mdogo sana ambaye watu husema eti anakula jua. Tutaona anaishi wapi, watu wanamwonaje, anakula nini, halafu tutauliza: hilo neno la kula jua ni kweli, au ni maneno ya watu tu?

NDUGU YAKE TUNAMJUA

Hapa kambini hakuna asiyemjua konokono. Mvua zikianza utawakuta kwenye lengalenga na kwenye majani ya maboga. Wengine wamebeba nyumba mgongoni, wengine hawana nyumba kabisa, wako uchi tu, wanateleza na kuacha ute unaong'aa. Mama anatoka asubuhi kuchuma mboga, anakuta majani yametobolewa matundu matundu. Anakasirika, na ana haki.

Sasa, yule asiye na nyumba ana ndugu zake wa mbali baharini. Nao ni konokono wasio na nyumba. Wengi wao wakiwa bado wachanga, wadogo hata macho hayawezi kuwaona, wanakuwa na kigamba kidogo, lakini wakikua wanakiacha. Wako wa aina nyingi mno. Wengine wanakula wanyama wenzao wa baharini. Hawa wetu wa leo wanakula mwani, na ndio wanaotushangaza.

Wale waliokulia kando ya Ziwa Tanganyika wanajua yale majani laini ya kijani yanayoota kwenye mawe, ukikanyaga unateleza. Huo nao ni mwani. Mwani wa baharini ni wa aina nyingi zaidi: kuna wa kijani, mwekundu na wa kahawia. Kule Zanzibar akina mama wengi wanalima mwani tangu mwaka 1989, wanaufunga kwenye kamba baharini, wanauvuna, wanaukausha na kuuza. Lakini ule wanaoulima sio chakula cha konokono wetu. Huyu anapenda mwani wa kijani. Na kwenye ziwa letu usihangaike kumtafuta, kwa sababu jamaa zake karibu wote wanaishi kwenye maji ya chumvi.

KONDOO WA MAJANI

Kuna kisiwa kidogo cha Japani kinaitwa Kuroshima, kusini kabisa, upande wa Okinawa. Ni kisiwa cha wafugaji, ng'ombe ni wengi kuliko watu. Wasomaji wetu wenye asili ya ufugaji naona wameshaanza kutabasamu! Jina la kisiwa hicho ndilo alilopewa konokono mmoja mwaka 1993, pale wataalamu walipomwandika rasmi kwa mara ya kwanza. Jina lake la kitaalamu ni Costasiella kuroshimae. Mbali na Japani anapatikana pia Ufilipino na Indonesia.

Wazamiaji wao hawahangaiki na jina refu. Wanamwita kondoo wa majani. Ukimwona picha yake utajua kwa nini. Ana uso mdogo mweupe, macho mawili meusi kama nukta za kalamu yaliyokaa karibu karibu, na juu ya kichwa vitu viwili vimesimama kama masikio ya kondoo. Kumbe si masikio. Anavitumia kunusa, maana ndani ya maji harufu ndiyo inayomwonyesha chakula kiko upande gani. Mgongoni hana manyoya, ana vitu vingi kama majani manene ya kijani, vimepangana vizuri kama mtu aliyebeba mzigo wa mboga kwenda sokoni.

Na ukubwa wake? Chukua punje moja ya mchele uiweke kwenye kiganja. Basi, ndio huyo. Akikua sana anafika kama milimita 10, yaani sentimita moja. Wengi ni wadogo zaidi ya hapo.

WANAMWONAJE?

Hapa ndipo kazi ilipo. Bahari ni kubwa, maji yanasukuma, na mnyama ni kama punje ya mchele, tena ya kijani juu ya jani la kijani. Utaanzia wapi?

Mzamiaji mzoefu hamtafuti konokono. Anatafuta kwanza chakula chake. Huyu kondoo wa majani anakaa juu ya mwani wa aina moja, ambao umbo lake ni kama jani pana au upepeo mdogo, na ukiugusa ni kama kitambaa cha manyoya. Unaota kwenye mchanga, si kina kirefu sana, kwa sababu mwani nao unataka mwanga, na mwanga wa jua unapungua kadiri unavyoshuka. Mzamiaji akishauona mwani huo, anasimama hapo. Hatafuti tena bahari nzima, anatafuta kwenye jani moja tu.

Kuzamia kwenyewe kuna taratibu zake. Mtu anabeba mtungi wa hewa mgongoni, anavaa miwani ya kuzamia na mapezi ya mpira miguuni. Haendi peke yake, wanakwenda wawili wawili, kila mmoja anamlinda mwenzake. Kila ukishuka mita 10, mgandamizo unaongezeka sawa na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu huku nchi kavu. Ndiyo maana hewa ya mtungi inaisha haraka zaidi ukiwa chini sana. Ndiyo maana pia mzamiaji haruhusiwi kubana pumzi wala kupanda juu kwa haraka, maana hewa iliyoko ndani ya mapafu inatanuka anapopanda na inaweza kumuumiza vibaya. Anapanda polepole huku anapumua.

Akifika kwenye mwani, anajifunza kuelea bila kugusa chini. Akipiga miguu ovyo, mchanga unatimka, maji yanakuwa kama ya mto baada ya mvua, na hapo haoni kitu. Mkono mmoja anashika tochi, na wengine wanachukua kioo cha kukuzia. Anaangalia jani upande wa juu, halafu upande wa chini. Haguzi, maana mnyama mdogo kama huyo ukimshika kwa vidole umemmaliza. Kama haoni konokono, anatafuta dalili: utepe mdogo wa mayai uliozungushwa kama mkeka unapoanza kusukwa. Akiona mayai, anajua mama yao hayuko mbali.

Wengine wanamaliza hewa yote ya mtungi wameangalia mimea michache tu. Ukimuuliza atakwambia amefurahi. Mwenzake aliyeogelea haraka haraka kuzunguka eneo lote, atakwambia hakuna kitu.

ANAKULA VIPI?

Konokono wa kwenye mboga zetu ana ulimi wenye meno mengi madogo madogo, kama msasa, anakwangua jani. Huyu wa baharini ulimi wake una meno yaliyopangwa mstari mmoja tu, na anapokula anatumia jino moja, lile la mbele. Jino likichakaa, jingine linasogea kuchukua nafasi yake. Lile la zamani halitupi, linaingia kwenye kifuko kidogo ndani ya mwili wake. Ni kama yule fundi cherehani anayetunza sindano zote zilizovunjika kwenye kopo.

Kwa jino hilo anatoboa mwani, halafu ananyonya majimaji ya ndani, kama mtoto anavyonyonya juisi kwa mrija. Na mwani anaoupenda una jambo la ajabu. Mimea mingi imejengwa kwa vyumba vidogo vidogo vingi vinavyoitwa seli, kama nyumba zetu za matofali. Lakini mwani wa aina hii unaweza kuwa seli moja ndefu kama bomba, bila kuta za kugawa ndani. Ukitoboa sehemu moja, unapata vingi.

Sasa tukumbuke somo la sayansi. Ndani ya jani la kijani kuna vitu vidogo sana vinavyoitwa kloroplasti. Rangi ya kijani iliyomo ndani yake tunaiita umbijani. Hivyo ndivyo viwanda vya mmea. Vinachukua mwanga wa jua, maji na hewa ya kabonidayoksaidi, vinatengeneza sukari. Kazi hiyo ndiyo usanisinuru. Mihogo, mahindi na maharage yote tunayokula yametokana na kazi hiyo.

Konokono wetu anaponyonya mwani, vitu vingine anavisaga tumboni kama kawaida. Lakini kloroplasti nyingi hazisagi. Anaziweka kwenye mwili wake zikiwa nzima, na zinaendelea kupokea mwanga kwa muda. Kile kijani tunachokiona mgongoni mwa kondoo wa majani ni mali ya wizi! Wanasayansi wa Japani, Kawaguti na Yamasu, waliandika jambo hili mwaka 1965 baada ya kuchunguza konokono wa jamii hii kwa hadubini yenye nguvu sana. Walikuta ndani ya mwili wa mnyama kuna kloroplasti za mwani.

Kuna mwingine wa jamii hiyohiyo anaishi pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, kuanzia Kanada mpaka Florida. Anaitwa Elysia chlorotica. Yeye ni mkubwa kidogo, kwa kawaida sentimita 2 au 3, na akikunjua mwili wake anafanana kabisa na jani lililoanguka mtini, hata mishipa ya jani utadhani unaiona. Huyu walimweka kwenye maji yenye mwanga bila kumpa mwani, akaishi miezi 9 hivi, wengine hata 10. Miezi 9 bila kula! Habari hiyo ilipotoka, watu wengi duniani wakasema: amepatikana mnyama anayeishi kwa jua kama mmea.

"TUNGELALA TU KU JUA"

Nilipowaeleza habari hii wanafunzi wangu wa darasa la tano, kijana mmoja alinyoosha mkono akasema: "Mwalimu, na sisi tungekuwa kama kale kanyama, siku mgao umechelewa tungelala tu ku jua." Darasa zima likacheka, hata mimi nikacheka. Lakini baadaye nikafikiri kwamba katika wanafunzi wote wale, hakuna hata mmoja aliyeuliza "kwa nini umesema hivyo?" Wote walielewa mara moja. Ndiyo sababu nimeona niandike habari hii mpaka mwisho wake, kwa sababu haikuishia pale kwenye miezi 9.

Basi, wanasayansi wengine hawakuridhika. Walisema hivi: kama kweli jua ndilo linalomlisha, tukimnyima jua atakufa haraka. Tujaribu. Kundi la watafiti kutoka Ujerumani lilichukua konokono wa aina mbili za jamii hii, wakawanyima chakula wote. Wengine wakawaweka kwenye mwanga. Wengine wakawaweka gizani. Kisha wakasubiri, wakapima. Matokeo waliyatoa mwishoni mwa mwaka 2013. Wale wa gizani hawakufa haraka kama ilivyotegemewa. Waliishi wiki nyingi, kama wale wa kwenye mwanga. Na wote, wa mwanga na wa giza, miili yao ilikuwa inapungua.

Umeona? Kama wa gizani naye anaishi, basi si jua peke yake lililokuwa linamweka hai. Kilichomweka hai ni akiba ya mwili wake. Baadhi ya watafiti wanaona hata zile kloroplasti ni kama ghala, kitu alichojiwekea ndani cha kutumia siku za shida.

Je, jua halimsaidii chochote? Hapana, linamsaidia. Mwaka 2021 watafiti wa Ureno walionyesha kwa aina moja ya konokono hawa kwamba wale waliopata mwanga wa kutosha walitaga mayai mengi kuliko wale waliokaa karibu na giza. Kwa hiyo jua linachangia. Ni kama ile bustani ndogo nyuma ya nyumba: inasaidia sana, inaongeza ladha na nguvu kwenye chungu, lakini huwezi kuilisha familia nzima kwa bustani hiyo tu.

Na kuna jambo jingine ambalo naomba kila mzazi alishike. Mtoto wa konokono huyu harithi kijani kutoka kwa mama yake. Anatoka kwenye yai bila kloroplasti hata moja. Yule Elysia chlorotica akiwa mchanga anayetambaa ana rangi ya kahawia yenye madoa mekundu. Lazima kwanza apate mwani, ale, ale tena, ndipo anaanza kuwa kijani. Asipoupata mwani katika siku hizo za mwanzo hakui. Hata mnyama huyu hodari wa kukaa na njaa, amejenga uhodari wake kwa kula vizuri alipokuwa mdogo.

KWETU SISI INATUFUNDISHA NINI?

Mama mmoja jirani yangu aliniuliza: "Mwalimu, hawa wa baharini wanatuhusu nini sisi?" Nikamjibu: mama, wanatuhusu kwa mambo mawili.

La kwanza ni chakula cha watoto. Mara nyingine tunasikia watu wakisema, "watoto wa siku hizi wamezoea kula kidogo." Konokono tumemwona. Hakuzoea. Alikuwa anatumia akiba, na mwili ulikuwa unapungua kila siku, ila kwa macho haraka haraka huwezi kuona. Mtoto naye anayepungua hajazoea njaa, anamaliza akiba yake, na akiba ya mtoto ni ndogo. Kwa hiyo wazazi, msisubiri. Ukiona mtoto anapoa, hachezi na wenzake, nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba, au nguo ya mwaka jana bado inamtosha vizuri wakati alitakiwa awe ameikua, mpeleke kituo cha afya wampime uzito na mkono. Kile kipimo cha kuzungusha kwenye mkono kinachukua dakika moja tu. Usione aibu. Kipimo hakimwaibishi mzazi, kinamsaidia mtoto. Na kama chakula ni kidogo, tuwaangalie kwanza wale wadogo kabisa na mama mjamzito na anayenyonyesha.

La pili ni maneno. Kambini maneno hayaishi. Eti orodha imetoka, eti nchi fulani inachukua watu wote, eti kuna mtu akipewa kitu kidogo anakuingiza kwenye safari. Watu wameuza hata sufuria zao kwa sababu ya "eti." Habari ya mnyama anayekula jua nayo ilikuwa tamu, na mwanzo wake ulikuwa wa kweli kabisa: kloroplasti zipo, miezi 9 ni kweli. Lakini waliokwenda mpaka mwisho ni wale waliouliza, "tumejuaje? Tukizima taa itakuwaje?"

Hata wanasayansi wenyewe wanarudiana hivyo. Mwaka 2008 watafiti fulani waliandika kwamba yule Elysia chlorotica amechukua hata jeni ya mwani, yaani ile maandishi ya ndani ya kiumbe yanayopita kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto. Mwaka 2013 wengine wakachunguza mayai yake, jeni hizo hawakuzikuta. Hakuna aliyepigana. Walirudi kwenye kazi. Basi na sisi, ukiletewa habari kubwa, uliza kwa upole: nani aliona kwa macho yake? Imeandikwa wapi? Ofisi inayohusika imesemaje? Ukikosa jibu, usitoe hela, na usimpelekee jirani.

ALIYEACHA MWILI

Kabla hatujafunga, niwape watoto hii moja. Mwaka 2021 watafiti wawili wa Japani, Sayaka Mitoh na Yoichi Yusa wa Chuo Kikuu cha Wanawake cha Nara, walitoa habari kuhusu konokono wa jamii hiihii waliokuwa wakiwafuga. Baadhi yao walikata wenyewe kichwa kutoka kwenye mwili! Kichwa kikabaki kinatambaa peke yake, moyo na sehemu kubwa ya tumbo vimebaki kule kwenye mwili. Cha kushangaza, kidonda kilifunga ndani ya siku moja hivi, na kichwa kikaanza kula mwani. Baada ya wiki moja moyo mpya ukaanza kuota. Baada ya wiki kama tatu, mwili mzima ukawa umerudi.

Lakini ule mwili ulioachwa haukuota kichwa kipya, ingawa uliendelea kujongea kwa siku nyingi. Na konokono waliokuwa wazee hawakufaulu, vichwa vyao havikula, vikafa baada ya siku kama 10. Watafiti wanadhani zile kloroplasti huenda zinasaidia kichwa kupata nguvu wakati tumbo halipo. Wanadhani, hawajasema wamethibitisha. Mmeona tofauti ya maneno hayo mawili? Na mmeona pia kwamba hata kichwa peke yake, kitu cha kwanza kilichotafuta ni chakula.

KAZI YA NYUMBANI

Bahari hatuna, mtungi wa hewa hatuna, lakini kuangalia tunaweza. Fanyeni haya mawili pamoja na watoto.

Kwanza, chagueni mmea mmoja tu karibu na nyumba, lengalenga au boga. Kaeni hapo dakika 10, bila kugusa. Angalieni jani juu, halafu chini. Hesabuni viumbe wote mtakaowaona: sisimizi, vidukari, buibui, mayai madogo. Yule aliyesema "hakuna kitu" arudie tena polepole.

Pili, tuzime taa kama wale watafiti. Tafuteni sehemu yenye nyasi za kijani, mfunike sehemu ndogo kwa kipande cha ubao au bati, msifunue kwa siku 7. Halafu mlinganishe nyasi zilizofunikwa na zile za pembeni. Rangi imekuwaje? Kwa nini? Mtoto aandike kwenye daftari siku aliyofunika na siku aliyofunua, maana bila kuandika tunasahau.

Tahadhari moja wazazi. Kutafuta konokono kusiwe sababu ya watoto kuingia kwenye madimbwi, mifereji au kando ya mto. Konokono wa maji baridi ndio wanaobeba vijidudu vya kichocho, na mtu anaambukizwa kwa kuingia tu kwenye maji hayo, vinapenya kwenye ngozi. Akikojoa damu apelekwe kituo cha afya, dawa ipo. Na aliyeshika konokono wa aina yoyote anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

SWALI LA MWEZI: Kwa nini yule mzamiaji anatafuta mwani kwanza, badala ya kumtafuta konokono? Majibu yaandikwe kwenye karatasi na kuletwa shuleni kwa mwalimu yeyote wa kujitolea. Mzazi anaruhusiwa kumsaidia mtoto kuandika, ila asimsaidie kufikiri!

Mwezi ujao tutarudi nchi kavu, tumwangalie mchwa: anajengaje kichuguu kirefu kuliko mtu bila kuwa na mkubwa wa kumwamuru. Mpaka hapo, nawatakia afya njema nyumbani kwenu. Tuonane toleo lijalo.

Mwalimu wenu wa kujitolea